Nyanya na wajukuu wanne hapa Bangladesh Mikindani, tuwapeleke makao ya watoto au tufanyeje?

mama_mapacha

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mie naishi Bangladesh, Mikindani. Kuna kikundi chetu cha kuangalia watoto ambao hali zao si nzuri, si shirika wala hatuna mfadhili, ni majirani tu, wengine wauza mboga, wengine wafulia watu nguo, na kuna vijana wawili wa boda ambao kwa kweli Mungu awabariki. Jumamosi jioni twapita nyumba kwa nyumba, mwenye unga atoa unga, mwenye sare iliyomkaza mwanawe ailete, na asiye na kitu huja kukaa tu na watoto wakati mkubwa wa nyumba ameenda kutafuta.

Sasa kuna nyumba moja imetutia kwenye mtihani. Nyanya ana wajukuu wanne. Mama yao alienda Saudia kazi za nyumbani, mwanzo alikuwa akituma pesa, kisha zikapungua, kisha simu ikawa haipatikani kabisa mpaka leo. Baba za watoto hakuna ajuae walipo. Nyanya mwenyewe ana sukari na miguu yavimba, alikuwa akikaanga mihogo hapo mlangoni lakini siku hizi hata kuinama kwenye jiko ni kazi. Kwa hivo mwenye nyumba sasa ni msichana wa miaka 13, shule ameacha. Juzi tulipoingia tulimkuta amempakata mdogo wake wa mwaka na kitu, mkono mmoja wakoroga uji, mwengine wapepea jiko kwa daftari la hesabu, lile lile alilokuwa akiandikia darasani, kurasa zina tiki za mwalimu kutoka juu mpaka chini. Yule mdogo hata hakulia tulipombeba, alikuwa ametulia tu, na mie kutulia kule ndiko kulikonitisha.

Wa pili ni mvulana wa miaka 10, mchana kutwa haonekani, aokota vyuma na chupa za plastiki. Wa tatu yuko kama 5 au 6, nyanya hana hakika, na hakuna hata mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa. Nyumba yenyewe ya udongo iko nyuma ya mangwe, yaani kilabu cha mnazi, walevi wapita hapo usiku kucha, mlango wafungwa kwa kamba.

Kikundi kimegawanyika. Wengine wasema wote wapelekwe makao ya watoto, kuna mwenzetu ajua mahali. Wengine wasema abaki nyanya na wadogo, lakini msichana aende kwa mama mmoja wa Nyali ambaye ametuma ujumbe yuko tayari kumchukua akae kwake, amsaidie kazi ndogondogo na yeye amsomeshe. Mie moyo wangu haujakubali lolote katika hayo mawili lakini sina jibu lingine la kuwapa wenzangu. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, na msinionee haya, niambieni ukweli.

mlezi_kisauni

Wa aleikum salam dada, na shukran kwa kazi mnayofanya.

Nianze na huyo wa Nyali kwa sababu hapo ndipo pa haraka. Msimpe mtoto. Sisemi yeye ni mtu mbaya, simjui, lakini "kazi ndogondogo na nitamsomesha" ndio maneno yanayotumika kila mara kuchukua wasichana mitaa yetu, na huku Kisauni twawapokea wakirudi. Mtoto wa 13 akilala nyumba ya mtu asiye jamaa yake, hana karatasi, hana mtu wa kumpigia, hiyo shule huanza muhula ujao na muhula ujao haufiki. Kama yule mama nia yake ni safi basi alipe sare na vitabu msichana akiwa kwa nyanyake. Mwambieni hivo hivo kwa heshima, jibu lake litawaonyesha nia yake.

Makao nayo si mahali ambapo jirani apeleka mtoto akamwacha getini. Serikali ilisimamisha kusajili makao mapya tangu Novemba 2017, na sheria ya watoto ya 2022 pamoja na ule mpango wa kitaifa wa 2022 mpaka 2032 vyote vyaelekea upande mmoja, mtoto akae na jamaa zake, makao yawe ya mwisho kabisa. Anayempeleka ni afisa wa watoto, kwa amri ya korti, na kwetu korti ya watoto iko Tononoka. Sasa huyo mwenzenu muulizeni hapo mahali pamesajiliwa? Afisa wa watoto apajua? Akibabaika, muachane na hiyo habari.

Nendeni kwa afisa wa watoto wa Jomvu mkiwa wawili, na nyanya akiweza awe pamoja nanyi, asisikie habari zake kwa watu. Kesi ifunguliwe ipate namba. Kisha kwa chifu muulizie Inua Jamii, zile pesa za serikali za elfu mbili kwa mwezi. Kuna njia mbili za kuingia, nyumba inayolea watoto yatima na walio katika shida, au nyanya mwenyewe akiwa amefika 70. Ukweli ni kwamba usajili hufunguliwa kwa vipindi na pesa zenyewe huchelewa, kwa hivo msimwambie nyanya zitakuja mwezi ujao. Mwambieni jina lake limeandikwa, basi.

nesi_wa_jomvu

Mamangu, mie nimesoma nikasimama hapo kwa mtoto wa mwaka na kitu ambaye halii. Naomba haya mengine yote yangoje, huyo mtoto afikishwe zahanati kesho asubuhi. Mtoto akiwa na njaa ya muda mrefu hufika mahali hana nguvu ya kulia, na watu humsifu ati ana adabu, ametulia.

Kule atapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo ni utapiamlo mkali, ataanzishiwa matibabu na ile siagi ya njugu ya pakiti. 11.5 mpaka 12.5 ni njano, naye pia ana chakula chake. Na mkiwa bado nyumbani mwangalieni miguu, bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa unyayo, mguu wa kulia na wa kushoto, hesabu moja mbili tatu uachie, kikibaki kishimo pande zote mbili usingoje asubuhi, huyo ni wa hospitali usiku huo huo. Ile siagi ikitolewa ni ya huyo mdogo peke yake, na hapa nawaomba muwe wakali kidogo, manake kwenye nyumba yenye njaa itagawanywa kwa wanne na siwezi kumlaumu yule msichana akigawa. Ndio maana lazima unga wa wengine uwepo ndani wakati mdogo anatibiwa.

Nyanya je? Kuna wale wahudumu wa afya wa mtaani tuliokuwa tukiwaita CHV, siku hizi CHP. Tangu 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya sukari na ya presha, watapima hapo hapo mlangoni. Muulizeni mzee wa mtaa CHP wa nyumba hiyo ni nani. Na akivuliwa viatu muangalie vidole na nyayo kama kuna kidonda, mwenye sukari anaweza kutembea na kidonda asikisikie. Nyanya akikatwa mguu hao watoto wanne ndio kweli watakuwa hawana mtu.

ali_wa_bondeni

Nimesoma mpaka hapa na nataka kusema kitu kama mtu aliyelelewa makao tangu ana miaka 6. Sipendi makao yote yakitiwa kapu moja. Mie nililala kitandani, nilikula mara tatu, nilimaliza kidato cha nne, na kuna mama mlezi pale ambaye mpaka leo nikiumwa ndiye nampigia. Nyumbani nilikotoka ningebaki nadhani nisingefika. Kwa hivo pale ambapo nyumba yenyewe ndiyo inayomuumiza mtoto, apigwa, auzwa, achezewa, toeni mtoto na msione haya.

Lakini dada hapo kwako sisikii nyumba inayomuumiza mtoto, nasikia nyumba maskini yenye nyanya anayewapenda. Hayo ni mambo mawili tofauti. Umaskini huondolewa kwa unga na ada na dawa, haufai kuondolewa kwa kuwatenganisha ndugu. Sisi tulikuwa wawili, dadangu alipelekwa kwengine kwa sababu ilikuwa ya wavulana tu, na hao wanne wako wa kiume na wa kike, muulize huyo mwenzenu hilo. Na kingine ambacho watu hawakifikirii, nilipofika 18 nikaenda kutafuta kitambulisho, karani akaniuliza nakala ya kitambulisho cha mzazi. Sina. Jina la kijiji? Sina. Nilizungushwa mpaka nikakata tamaa na kazi mbili zikanipita. Hao wenu nyanya yupo, ajua mama yao alizaliwa wapi, ajua mlango wa ukoo. Andikeni hayo yote sasa akiwa na kumbukumbu zake.

ng'ambo_likoni

Samahani nyote lakini hakuna aliyeuliza kuhusu mama yao. Twazungumza kama vile ameshakufa. Dadangu alikuwa Saudia simu ikazimwa karibu mwaka, watu hapa Likoni wakasema ametupa watoto, ameolewa huko, mengi tu. Kumbe mwajiri alimnyang'anya simu na pasipoti.

Ulizeni nyanya kama ana nakala ya pasipoti, au mkataba, au hata jina la wakala aliyempeleka, mara nyingi huwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki. Ukipata jina la wakala peleka kwa mamlaka ya ajira inayowapa leseni, na muandikie ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh na ile idara ya serikali ya Wakenya walio ng'ambo. Si lazima muende Nairobi. Itachukua muda, lakini hao watoto wana haki ya kujua kuna mtu amtafuta mama yao. Yule wa miaka 10 hasa, nna hakika atafuta vyuma ili amtafute.

boda_wa_miritini

kuhusu huyo kijana wa vyuma mie naweza kusema kidogo manake hao vijana twawabeba na twawaona kila siku. shida sio vyuma vyenyewe shida ni nani amtuma, kuna wanunuzi wa chuma chakavu ambao wajua kabisa mtoto hawezi kukataa, amwambia leta waya, leta mfuniko wa mtaro, mtoto aenda kuiba hajui hata kama aiba, siku ya kukamatwa mnunuzi hayupo. jueni hii, sheria ya 2022 mtoto chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai, sasa mkisikia ameshikwa nendeni kituoni haraka na mtu mzima awe naye, ombeni afisa wa watoto aitwe, na asilale seli na watu wazima.

sisi hapa stejini tulifanya hivi, tuliongea na wanunuzi watatu wa karibu tukawaambia huyu na huyu ni watoto wetu, hatutaki kuona mzigo wao kwenye mizani yako saa za shule. wawili wakakubali, wa tatu hakukubali tukaenda kwa chifu. na kijana mwenyewe usimgombeze, yeye ndio mwanamume wa ile nyumba kichwani mwake, akileta shilingi hamsini jioni nyanya acheka. mtafutieni kitu cha kuleta nyumbani baada ya shule, hata kubeba maji nyumba mbili tatu kwa malipo, mradi asubuhi yuko darasani.

na hao wenzangu wawili wa boda waambieni wasiingie hiyo nyumba mmoja mmoja. si kwamba nawashuku. ni kwa faida yao na ya msichana.

wakili_mtaani

Ndugu yangu wa Miritini amesema kweli na mie niongeze hapo kwa mlango. Dada umesema mlango wafungwa kwa kamba na mangwe iko mbele, na ndani kuna msichana wa 13 na nyanya asiyeweza kuinuka haraka. Kabla ya kikao kingine chochote cha kikundi nunueni komeo na kufuli, fundi apige leo. Bei yake ni ndogo kuliko unga wa wiki. Na choo wanachotumia kiko wapi usiku? Kama ni cha nje watafutieni ndoo yenye kifuniko.

Na likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, kila mmoja kwenye kikundi ajue haya bila kuuliza mtu. Mtoto haogeshwi. Nguo zake zatiwa kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si plastiki, plastiki yaharibu ushahidi. Hospitali mwanzo, polisi baadaye, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufanya kazi ndani ya saa 72 na kila saa ina maana, Coast General kuna kitengo cha kushughulikia mambo haya. Kisha polisi waandike kwenye kitabu chao cha ripoti, mpewe namba ya OB, pamoja na P3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari. Namba 116, ile simu ya kusaidia watoto, ni ya bure, usiku na mchana, hata msichana mwenyewe afundishwe aikariri. Na mzee yeyote akisema yaongelewe nyumbani, atoe mbuzi atoe pesa yaishe, mwambieni hana mamlaka hayo. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 haina mlango wa suluhu ya mtaani, na mtoto akiwa na miaka 11 kushuka chini mtu afungwa maisha.

ustadh_majengo

Assalam aleikum warahmatullah. Nimefurahi kuona watu wamemjibu dada kwa hekima.

Mawili tu. Kama nyumba hiyo ni ya Kiislamu, mkienda kamati ya msikiti huenda mkaambiwa fungu ni la yatima na hawa si yatima kwa kuwa baba zao hawajathibitishwa kufa. Msirudi mikono mitupu. Ombeni kwenye zaka kwa fungu la mafukara na maskini, nyanya anastahiki bila shaka yoyote. Pelekeni maombi mapema, Rajabu au Shaabani, mkingoja Ramadhani orodha huwa imeshafungwa na mtapata futari ya mwezi mmoja peke yake.

La pili, huyo mama wa Nyali au mtu mwengine yeyote akitaka kweli kulea, sheria ya 2022 imeitambua kafala kwa watoto wa Kiislamu. Mtoto abaki na jina la babake na nasaba yake, mlezi abeba gharama na malezi, na yote yapitia njia ya sheria kwa afisa wa watoto, hayafanywi kwa ujumbe wa simu. Ila kwa hali mlivyoieleza, mie naona anayehitaji kubebwa ni nyanya, akibebwa yeye wajukuu wamebebeka.

mama_mapacha

Jamani nimelia. Si kwa huzuni, ni vile nilikuwa nadhani tuko peke yetu.

Mdogo alipelekwa, mkono umesoma njano, miguu haina kishimo alhamdulillah, amepewa chakula chake na atarudi kupimwa. Komeo limepigwa, fundi alikataa pesa. Wa Nyali nilimwandikia vile mlezi_kisauni alivosema, kwamba alipe sare msichana akiwa kwao, na hakujibu tena. Basi.

Nyanya nilimuuliza kuhusu pasipoti akasema hana kitu, lakini yule msichana akainuka akatoa mfuko, tena kweli ulikuwa chini ya godoro, ndani mna nakala ya pasipoti ya mama, kadi za kliniki mbili, na picha. Namba ya wakala imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi. Ng'ambo_likoni naomba unisaidie namna ya kuandika hiyo barua, nitakutumia ujumbe pembeni.

Nimebaki na swali la vyeti. Mwalimu mkuu amekubali msichana na kakake warudi darasani bila cheti kwa sasa lakini asema mambo ya mtihani yatakwama bila namba ya cheti. Kadi za kliniki ni mbili na watoto ni wanne, mama hayupo, tuanzie wapi?

Na lingine, wenzangu wawili wamesema watapumzika kidogo, wamechoka, mmoja mumewe alalamika unga watoka nyumbani kwake kila wiki. Sikuwalaumu. Nyinyi wenye vikundi vya muda mrefu mwafanyaje?

mlezi_kisauni

Dada hiyo habari ya mdogo imenifurahisha sana.

Vyeti: mtoto akipita miezi sita hajaandikishwa huwa ni usajili wa kuchelewa, ina karatasi zaidi lakini yawezekana. Wawili wenye kadi anza nao, hao ni wepesi. Wawili wasio na kadi, muulize nyanya walizaliwa wapi, kama ni hospitali jina la mama na mwaka vyaweza kutafutwa kwenye vitabu vyao, kama ni nyumbani basi ni chifu au naibu wake athibitishe, na mkunga kama yuko hai awe shahidi. Barua ya mwalimu mkuu kwa wale waliosoma, nakala ya pasipoti ya mama, kitambulisho cha nyanya, na ile namba ya kesi ya afisa wa watoto, hiyo usiiache nyumbani manake ndiyo itakayoeleza kwa nini mama hayuko. Toeni nakala mbili mbili za kila kitu, moja ikae kwenye daftari la kikundi.

Kuhusu wenzako, sisi tuliacha watu wote kubeba nyumba zote. Kila watu wawili wana nyumba moja tu yao, waijua vizuri, wakichoka wasema na wabadilishwa bila maneno. Unga hautoki jikoni kwa mtu, watoka kwenye chama, kila mtu ishirini au hamsini kwa wiki, aliyekosa amekosa, na mahesabu yasomwa mbele ya wote. Huyo mume wa mwenzako mkaribisheni siku ya mahesabu aje asikize mwenyewe.

Kwa chifu fikeni mapema jumatatu, kabla ya saa tatu, baadaye huwa ameitwa mikutano.